Aliuzika udongo kwa tingatinga, sasa anaurudisha kwa ndoo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mzee mmoja amepiga magoti katikati ya mteremko wa mawe, mtaimbo mkononi. Anapiga pigo la kwanza, jiwe linalia. Anasogea kidogo, anapiga tena. Pigo la nne linaingia. Anauzungusha mtaimbo, anautikisa kulia na kushoto, anauchomoa, kisha anainama na kupuliza vumbi lililobaki kwenye mdomo wa shimo.

Anatia konzi moja ya chokaa. Anamimina udongo uliochanganywa na samadi kutoka kwenye ndoo ya plastiki iliyowahi kuwa ya rangi ya nyumba. Anachomeka shina la nyasi lenye mizizi iliyopunguzwa kwa kisu, analishindilia kwa vidole gumba vyote viwili. Anasogea shubiri mbili, magoti yakiwa bado chini, na kuanza upya.

Jua likiwa kali atakuwa amepanda mashina tisini. Siku akiamka vizuri, hufika mia moja na kumi. Siku mgongo ukigoma, hamsini.

Wenzake humwita Mzee Tinga. Jina hilo amebaki nalo tangu enzi alipokuwa dereva wa tingatinga katika mgodi wa shaba uliokuwa hapa. Ana umri wa miaka sitini na miwili, ni mwembamba, na huvaa suruali iliyoshonewa viraka vya mpira wa tairi magotini. Viraka hivyo alibuni mwenyewe, na sasa wenzake wote sita katika kikosi cha upandaji wanavyo.

Kilima kilichokuwa hapa hakipo tena. Mahali pake pana shimo kubwa lenye maji ya kijani yasiyo na chura wala ndege. Pembeni mwa shimo ndipo lilipo lundo la kifusi, hekta thelathini na nane za mawe yaliyotupwa. Lundo hilo ndilo ambalo Mzee Tinga na wenzake wanajaribu kulivisha nyasi, vichaka na, Mungu akipenda, miti.

Udongo wa kwenye ndoo unatoka mbali. Trekta huuleta mara mbili kwa wiki kutoka bonde lililo umbali wa kilomita tano, na kila mfanyakazi hugawiwa ndoo nane kwa siku. Ukimwagika, huzolewa kwa mkono mpaka chembe ya mwisho.

Alipoulizwa kwa nini udongo ufuatwe huko kote wakati hapa palikuwa na kilima kizima, Mzee Tinga alilaza mtaimbo chini. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Udongo wa hapa ninajua ulipo," alisema. "Uko chini ya miguu yako, mita arobaini kwenda chini. Niliufukia mimi."

Mzee Tinga ni mtoto wa hapa hapa. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka saba, na baba hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Aliyemlea ni dada yake mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na sita wakati huo. Dada aliacha shule ili mdogo wake aende.

Sare yake ya kwanza ya shule, anasimulia, ilikatwa kutoka kwenye gauni la Dada la sikukuu. Watoto wenzake waligundua maua yaliyofifia upande wa ndani wa kaptura, wakamcheka muhula mzima. Yeye hakumwambia Dada. Hata leo humwita hivyo tu, Dada, na Dada alikuwa akimwita "mdogo wangu," hata baada ya mvi kuanza kumchungulia kichwani.

Kazi ya mashine aliipatia kwenye ujenzi wa barabara. Alianza kwa kusukuma toroli, akapandishwa cheo akawa mwosha mashine, na siku dereva mmoja alipougua, msimamizi akamwambia apande ajaribu. Hakushuka tena kwa miaka ishirini na tano.

Mgodi ulipofunguliwa, miaka ishirini na miwili iliyopita, alikuwa mmoja wa madereva wanne wa tingatinga walioajiriwa. Mshahara wake ulikuwa mara nne ya mshahara wa mwalimu. "Nilianza kupewa viti vya mbele kwenye harusi," anasema, na kucheka kidogo. "Watu ambao hawakuwahi kuniuliza chochote wakaanza kuniuliza maoni."

Ofisini kwa msimamizi kulikuwa na ramani kubwa ukutani. Sehemu moja ilipakwa rangi ya kijani, na madereva wote wanne walielezwa maana yake siku ya kwanza. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, ulitakiwa ukwanguliwe kabla ya kitu kingine chochote, uwekwe kando peke yake, uoteshwe nyasi usije ukasombwa, na usubiri. Siku mgodi utakapofungwa, ungerudishwa juu ya kifusi, na mimea ingepata pa kuanzia.

Walifanya hivyo kwa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini msimamizi alifika akiwa na uso wa kukosa usingizi, akawaambia kazi imechelewa na wakubwa wanapiga simu kila saa. Kuanzia siku hiyo wasitenge tena. Wasukume vyote pamoja, udongo na mawe, kwenye bonde dogo lililokuwa nyuma ya kilima, pale pale ambapo lundo la kifusi limesimama sasa. Hata ule uliokuwa umetengwa ukasukumwa humo ili kupisha njia ya malori.

Dereva mmoja, waliyekuwa wakimwita Taratibu kwa sababu hakuwahi kuonekana akikimbia, alizima mashine yake, akashuka, akaomba agizo hilo liandikwe kwenye karatasi. Halikuandikwa. Kesho yake alihamishiwa kwenye gari la kumwagia barabara maji, kwa mshahara mdogo. Hakulalamika, na hakurudi kwenye tingatinga.

"Na mimi ningeweza kushuka," anasema Mzee Tinga. "Mashine ilikuwa imesimama, mlango uko wazi. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilikaa. Nikawasha."

Ilichukua wiki saba. Anakumbuka harufu. Anasema udongo ule ulinukia mpaka ndani ya kibanda cha mashine, na kila alipousukuma, ndege walishuka kugombania minyoo mbele ya bamba la chuma la kusukumia, wala hawakuogopa muungurumo. Alilazimika kupiga honi wasije wakafukiwa.

Mwisho wa wiki ya saba madereva watatu waliobaki walipewa bahasha ya kuwapongeza kwa kuwahi. Kwa fedha ile, Mzee Tinga alinunua bati ishirini na nne na kuezeka upya nyumba ya Dada, ambayo ilikuwa ikivuja kwa miaka mingi.

Nyumba hiyo ilikuwa mguuni mwa kilima, na shamba lake la ekari mbili na nusu lilianzia mlangoni. Dada alilima maharage, mahindi na karanga. Wakati kazi ya kukwangua ikiendelea, alikuwa na kawaida ya kumpelekea mdogo wake chakula cha mchana mpaka kwenye uzio wa waya, kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa.

Siku moja, katika wiki ya nne, Dada alisimama pale kwenye uzio muda mrefu kuliko kawaida. Alikuwa mkulima. Hakuitazama mashine, alitazama kilichokuwa kikisukumwa.

"Mdogo wangu," aliuliza, "ule udongo mweusi mnaupeleka wapi?"

Mzee Tinga anasema alikuwa na njaa, alikuwa na haraka, na msimamizi alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Anazitaja sababu hizo tatu, halafu anatikisa kichwa, anazifuta mwenyewe. Alinyoosha mkono kuelekea lundo lililokuwa ng'ambo ya barabara ya malori.

"Si ule pale, Dada. Unatunzwa. Mgodi ukiisha, unarudishwa wote."

Lundo lile lilikuwa la mawe yaliyopasuliwa wakati wa kutengeneza barabara. Vumbi la kazi lilikuwa limelifunika, na kutoka mbali lilionekana jeusi.

Jambo hilo lingeweza kuishia kwenye uzio. Lakini miezi miwili baadaye kampuni iliomba kipande cha pili cha ardhi, upande wa magharibi, ambako wakazi walikuwa wakichunga mifugo na kuokota kuni. Mkutano uliitishwa. Watu walikuwa wagumu, walitaka kujua ardhi itabaki na hali gani wageni wakishaondoka.

Dada akasimama. Alisema yeye hana elimu ya migodi, lakini ameuliza na amejibiwa. Udongo wao unatunzwa, ameuona kwa macho yake, na aliyemwambia ni mdogo wake ambaye ndiye anayeusukuma. Mdogo wake mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, ameegemea mlango, amevaa sare ya kampuni. Watu waligeuka kumtazama. Akaitikia kwa kichwa.

Mikono sabini na mmoja ilinyooshwa kukubali. Kumi na wawili walikataa.

Mgodi ulidumu miaka kumi na mitatu. Bei ya shaba ikashuka, kampuni ikauza kwa kampuni nyingine, na ile nyingine haikukaa mwaka. Waliondoka na malori, wakaacha mashine mbili mbovu, uzio, na Mzee Tinga kama mlinzi wa mashine hizo.

Mvua za kwanza baada ya hapo ndizo zilizoonyesha kilichofanyika. Lundo la kifusi halikuwa na jani hata moja la kulishika. Mawe yale, yakikutana na maji na hewa, hutoa tindikali. Tope la rangi ya kutu liliteremka, likaingia shamba la Dada na mashamba mengine manane ya jirani. Mwaka wa kwanza lilifunika upande wa juu. Mwaka wa pili lilifika mlangoni. Maharage yalichomoza yakiwa ya njano, yakatoa majani mawili, yakafa.

Wakazi wakakumbuka udongo wao. Miaka saba iliyopita, asubuhi ya Jumanne, wanawake kumi na tisa walipanda kwenye eneo la mgodi wakiwa na majembe na magunia. Aliyewaongoza ni Dada. Mlinzi aliyewafungulia geti alikuwa Mzee Tinga.

"Nilijua wanakokwenda," anasema. "Nilikuwa na nafasi ya kumwita pembeni. Kutoka getini mpaka pale ni mwendo wa dakika kumi. Dakika kumi zote nilitembea nyuma yao kama mbwa."

Wanawake walichimba lundo lile la ng'ambo ya barabara ya malori sehemu tatu. Kwanza walidhani mawe ni ya juu tu. Baada ya saa moja wengine wakaacha, wakakaa juu ya magunia matupu. Dada aliendelea peke yake mpaka ncha ya jembe lake ikapinda. Ndipo akamfuata mdogo wake, aliyekuwa amesimama kando.

"Hapa hapana udongo," alisema.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyoniuliza."

Walizungumza kwa sauti ya chini. Wanawake wengine hawakusikia. Dada alilifuta jembe kwa kiganja, akaliweka begani, akashuka. Njiani wanawake walianza kumuuliza, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali. Alikuwa amewaapia. Alisema ameuona kwa macho. Ilikuwaje?

Angeweza kuwajibu kwa maneno mawili tu, kwamba wamuulize yule mlinzi. Hakusema.

Maneno yakaanza mtaani. Mtu mmoja akakumbuka kwamba nyumba ya Dada ilipata bati mpya mwaka ule ule wa mkutano. Ikasemwa kwamba aliuza udongo wa watu kwa paa. Bombani akawa anawasalimu watu nao wanatazama ndoo zao. Baada ya miezi mitatu alifunga nyumba, akahamia mjini kwa binti yake.

Leo Dada ana miaka sabini na mmoja. Anaishi katika chumba kimoja nyuma ya duka la ushonaji la binti yake, na kazi yake ni kushona vifungo na kupindia mikono ya mashati. Chumba kina kitanda, cherehani ya akiba, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kwenye kopo la maziwa lililo dirishani ameotesha vitunguu vinne.

Alizungumza na mwandishi wa makala haya bila kuacha kushona. Kuhusu shamba alisema machache. Shamba, alieleza, lilikuwa lake, na mtu anaweza kuvumilia hasara iliyo yake.

"Alinidanganya mara moja tu maishani mwangu," alisema. "Lakini neno lake mimi nililigawa kwa watu sabini na mmoja. Hapo ndipo ninaposhindwa kulala."

Alipoulizwa kwa nini hakumtaja siku ile, alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu. "Yule nilimlea mimi. Aibu yake ningeipeleka nyumba gani?"

Ndugu hao huongea kwa simu kila mwanzo wa mwezi. Dada humuuliza habari za nyumbani, humsalimia wifi yake, husema mvua imenyesha au haijanyesha. Lakini hamwiti tena mdogo wake. Humwita "bwana." Hujambo, bwana. Haya, bwana, kwaheri. Mzee Tinga anasema angetukanwa angepumua.

Mradi wa kurudisha uoto ulianza miaka minne iliyopita, kwa sehemu ndogo ya fedha ambazo kampuni iliziacha kwa ajili ya kazi hiyo. Mzee Tinga alikuwa wa kwanza kuomba, kwa ujira ambao ni chini ya robo ya alichokuwa akilipwa kwenye tingatinga. Mkewe, ambaye hufua nguo za hosteli ya wanafunzi, alimuuliza kama amechanganyikiwa. Alimjibu kwamba bado, na kwamba anaiomba kazi hiyo ili asichanganyikiwe.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vibaya. Ilitolewa amri ipandwe miti inayokua haraka, wageni watakapokuja kukagua waone kijani. Kikosi kilipanda mikaratusi elfu sita. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Kiangazi kilipokwisha, miche iliyokuwa hai ilikuwa mia nne na kumi na miwili.

Mzee Tinga aling'oa mingi ya ile iliyokufa kwa mikono yake. Anasema mizizi ilikuwa imezunguka ndani ya shimo kama donge la uzi, haikutoka hata inchi moja nje ya udongo wa ndoo. Ilipofika kwenye jiwe, iligeuka ikarudi.

Ndipo alipoletwa mtaalamu wa udongo, mwanamke wa makamo ambaye wote humwita Bibi Shamba. Alikaa wiki mbili akichimba vishimo na kupima maji kwa karatasi zinazobadilika rangi, hakupanda kitu. Halafu akawaambia wasahau miti kwa sasa. Kwanza chokaa ya kupoza tindikali, kisha nyasi za mizizi mirefu zishike mteremko, kisha mimea ya jamii ya kunde iongeze rutuba, kisha vichaka. Miti ije mwisho kabisa, na iwe ya asili ya hapa.

Siku moja Mzee Tinga alimfuata na swali alilokuwa amelibeba muda mrefu. Je, ule udongo wa chini hauwezi kufukuliwa? Mahali ulipo anapajua kwa hatua. Angeweza hata kuendesha mashine mwenyewe, bure.

Bibi Shamba anasema hakujua kwanza kwa nini mzee huyo anang'ang'ania hivyo jambo la kitaalamu. Alimweleza kwamba gharama ya kuhamisha mawe yote yale ingemaliza fedha za mradi mara kumi. Na hata ukifikiwa, udongo uliokandamizwa gizani miaka ishirini umeshakufa kwa sehemu kubwa, wadudu wake, mbegu zake, kila kilichoufanya uwe udongo.

"Nilimwambia tabaka la unene wa kiganja hujengeka kwa mamia ya miaka," anakumbuka mtaalamu huyo. "Akaniuliza mamia mangapi. Nikamwambia mzee, hatuna haja ya kuhesabu. Akasema yeye anayo."

Mzee Tinga alimweleza yote siku hiyo. Mtaalamu huyo alikuwa mtu wa kwanza kusikia, nje ya Dada na mkewe.

Wa pili alikuwa Mama Mapacha, ambaye hupanda naye mstari mmoja. Shamba lake ni miongoni mwa yale manane yaliyofukiwa, na alikuwa mmoja wa wanawake kumi na tisa waliochimba lundo la mawe. Kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa waliosema kuhusu bati za Dada.

Mzee Tinga alimwambia wakiwa mapumzikoni, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mama Mapacha aliinuka, akachukua ndoo yake, akaenda kupanda upande wa pili wa lundo. Alifanya kazi huko mwezi mzima na hakuketi naye kula.

Aliporudi, alisimama mbele yake. "Mimi sijakusamehe," alimwambia. "Lakini mtaimbo wako unatoa shimo zuri kuliko wangu, kwa hiyo tangulia, nitafuata na nyasi. Na jambo jingine. Mimi si mkutano wa wakazi. Mbona umeniambia mimi peke yangu?"

Sentensi hiyo ya mwisho, Mzee Tinga anasema, haikumwachia nafasi ya kukwepa.

Kwa sasa nyasi zimeshika hekta mbili, kazi ya miaka mitatu. Katika hekta hizo mbili tope haliteremki tena. Vijipanya vimeonekana, na msimu uliopita kulikuwa na kiota kimoja cha ndege anayetaga chini, ambacho kikosi kizima kilikizungushia mawe kisije kikakanyagwa. Mzee Tinga amepiga hesabu. Kwa mwendo huu, hekta zilizobaki zitamalizika baada ya miaka hamsini na minne.

"Nitakuwa na miaka mia moja na kumi na sita," anasema. "Nimemwomba Bibi Shamba aniongezee mkataba. Amesema atalifikiria."

Lakini akiacha utani, haoni fahari katika hekta hizo mbili. Anasema kuharibu hekta mbili kama hizo, akiwa kwenye kiti chake cha kuzunguka na feni ya kibandani, kulimchukua siku mbili na nusu.

Mteremko unaotazama shamba la Dada umepangwa kupandwa mwaka kesho kutwa. Mzee Tinga hakuomba usogezwe mbele. Bibi Shamba alikuwa tayari kuusogeza, yeye akakataa, akasema kuna mashamba mengine manane na wenyewe bado wapo wakisubiri. Shamba lenyewe, hata tope likikoma, halitalimika maishani mwake wala mwa dada yake. Hilo ameshaambiwa, na amelikubali.

Anachokitaka sasa ni kingine. Mwishoni mwa mwezi huu kuna mkutano wa wakazi, na ameomba nafasi ya kusema. Anakusudia kueleza mbele ya wote kwamba udongo uliuliziwa, kwamba aliyejibu uongo ni yeye, na kwamba bati zile alizinunua yeye kwa fedha ya kazi ile ile, Dada hakujua fedha ilikotoka.

Anajua linaloweza kumpata. Wafanyakazi wa mradi huteuliwa na kamati ya wakazi, na kamati hiyo inaweza kumwondoa kesho yake. Mkewe ana hofu, kwani mshahara wa kufua nguo hautoshi kodi na dawa zake za sukari. Hata hivyo, ni yeye aliyemnyooshea shati. Kuzungumza na gazeti, anasema Mzee Tinga, amekuchukulia kama mazoezi ya mdomo.

Dada hataki kwenda. Alipoambiwa kuhusu mkutano, alimaliza kwanza kifungo alichokuwa akishona, akasema yeye ameshazoea mjini na watu wafanye wanavyoona vyema. Halafu akauliza mgongo wa mdogo wake unaendeleaje siku hizi, maana tangu utotoni alikuwa dhaifu wa mgongo, na kama bado analala chini ukimuuma.

Alisema "mdogo wangu." Alipogundua, hakulirekebisha.

"Andika tu," alisema. "Macho yake hayaoni herufi ndogo, lakini magazeti mkewe humsomea."

Karatasi ya ajenda imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya wakazi, imeshikwa kwa gundi pembe nne. Namba moja ni bomba la maji. Namba mbili ni viti vilivyoazimwa na havijarudishwa. Namba tatu ni "Maelezo kuhusu udongo," na mbele yake katibu amempangia msemaji dakika kumi.

Mzee Tinga aliisoma kwa kuisogelea, kidole kikifuata mstari. Katibu, aliyekuwa amekaa ndani, alimuuliza kupitia dirishani kama dakika kumi zitamtosha, au amwongezee.

"Zinatosha," alijibu. "Uongo wenyewe niliusema kwa nusu dakika."